Maziwa Mazito ya Papa Plamedi

Jumatatu, 6/10

Poudre ya munganga imeisha. Asubuhi nilikwangua kopo na ncha ya kisu, haikujaza hata kijiko. Nilimwambia bwana yangu, Papa Plamedi, ati iko ingine mu kabati. Alijua ni uongo. Macho yake inajua kila kitu, ni koo tu njo ilisahau kazi.

Tangu mwezi wa saba. Alianguka mu laiterie yetu, nyumba ya kufanyia jibini, mukono bado iko juu ya fromage. Upande wa kuume ulikufa, maneno ikaenda, na kila kitu chepesi inamupotea — mayi, chai, supu, maziwa. Haishuke mu tumbo, inaingia mu mapafu. Munganga wa Goma alinionyesha ku picha, njia mbili zenye zinaanzia pamoja. Alisema: mama, kila kitu ya kunywa ikuwe nzito, ishikamane, ishuke polepole. Akatupa poudre ya kukoroga ndani. Ikiisha, mutarudi. Kurudi! Na barabara gani? Kuanzia Mushaki hakuna muntu anapita, juu ya vita.

Leo nilijaribu unga ya muhogo. Nani hajui kupika uji? Niliipika mu mayi kidogo, nikamwanga mu maziwa, nikakoroga, ikakuwa nzito kushinda poudre yenyewe. Nikafurahi, mujinga mimi. Kijiko ya kwanza alikaa nayo mu kinywa, juu kumeza kwake ni kazi, ulimi inasukuma, inashindwa, inasukuma tena. Kisha akakohoa mpaka nikafikiri inakwisha leo. Nilimuinamisha, nikamupiga mugongo, ikatoka ku pua.

Sikuelewa. Nilikamata kijiko ya ule uji, nikaweka mu kinywa yangu, nikakaa bila kumeza. Nikaosha sahani zote. Nilipotema ndani ya kikombe — mayi. Mayi kabisa. Kumbe mate njo inakata unga. Sisi wazima hatuone kitu juu tunameza mbio. Yeye ule uji unamugeukia mayi mbele ya kufika ku koo.

Mama mukwe, Nyiransengimana, alikuwa ku mulango. Aliniona nikitema mu kikombe na kuangalia ndani. Alitikisa kichwa, akaenda kuangalia mbuzi.


Jumatano, 8/10

Niliwaza dongodongo, ile bamia. Kwetu Pinga, kule mu pori, tunaikula kila siku na bugali, inateleza mpaka ku kiwiko, na hakuna mate inaweza ikaikata. Nilipata kidogo ku soko, ku mama mmoja mwenye anatoka kule chini kwenye joto. Nikapika, nikachuja ile utelezi, nikamwanga mu maziwa.

Ilikuwa muzuri! Inavutika, inashuka polepole, haina donge. Nikaenda kuokota kuni. Nilipokuja, kikombe ilikuwa vitu mbili. Juu, mayi ya kuteleza, unaweza kuona mupaka chini. Chini, maziwa imejikusanya, nzito, peke yake.

Papa Plamedi alinifundishaka hii zamani, wakati tulifungua laiterie na mimi sikujua kitu. Alisema: maziwa haiko mayi nyeupe. Ni mayi tu, ndani munaelea vidonge vidogo vya protéine vyenye jicho haione. Ukiingiza utelezi ya mumea, itafanya moja ya mambo mbili: itashikana na protéine, ao itaikataa. Basi dongodongo inakataa. Inataka nafasi yote, inasukuma wengine, wengine wanajikusanya na kuzama.

Mama mukwe alikamata kikombe, akaigeuza ku mwangaza.

— Tangu lini ngombe na majani ya pori inakaa mu kikombe moja?

Alisema kikombe, lakini ilikuwa mimi. Nimezalia hapa Karuba, nimezika mutoto hapa, nimeharibu mugongo hapa na kukamua fromage ya mutoto wake. Bado mimi ni wa pori. Nilikunywa ile kikombe yote mbele yake, tabaka zote mbili. Ilikuwa mubaya sana.


Ijumaa, 10/10

Ndizi ya kuponda. Mayi namupakaa ku midomo na kitambaa. Hakuna ingine.

Anapungua. Saa yake inazunguka ku mukono kama bangili. Mukojo kidogo, rangi ya chai ya kukaa. Nimechoka kufikiri.


Jumapili, 12/10

Sikuenda ku misa. Mama mukwe alienda, ataniombea, ao atanishitaki kwa Mungu, sijue. Mimi nilichemsha maganda ya marakuja, ile matunda ya pasheni.

Ni jana njo ilinikuja, nikitupia mbuzi maganda. Mwaka moja, mbele ya vita kufika huku juu, tulifanya yaourt, maziwa ya kuganda, ya marakuja juu ya sikukuu ya kanisa. Ile mara moja tu mayi haikupanda juu ya yaourt. Iliishika yote. Tulishangaa, kisha tukasahau, juu kazi ilikuwa mingi. Wakati huo tulikuwa na kazi mingi.

Maganda niliyachemsha mpaka ikakuwa laini, nikachuja na kitambaa ya fromage. Mayi yake inanata ku vidole. Nikakamata maziwa ya kuganda, ile ya kawaida, nikamwanga ndani kidogo tu, na woga.

Ikaharibika. Mbele ya macho yangu maziwa ikavunjika, punje punje, na mayi ya kijani ikatoka pembeni. Mubaya kushinda bila kitu. Nikaiinua nipelekee mbuzi.

— Mm.

Ilikuwa yeye, kutoka ku kitanda. Mukono wa kushoto ilikuwa inageuka, vile alikuwa anageuza mu laiterie wakati naweka chumvi: tena, ongeza. Nilimwambia, imeharibika Papa Plamedi, hauone? — Mm! Mukono inageuka. Hasira ikanipanda. Nikamwanga ndani yote yenye ilibakia, nimufundishe, nikakoroga kwa nguvu.

Punje zikapotea. Polepole, lakini zikapotea. Ikakuwa laini kama haikuharibikaka.

Aliniangalia na ile sura yake ya patron, mukubwa wa kazi. Kisha akaomba maharagi kwa kidole. Aliweka maharagi mbili juu ya blanketi, akavuta uzi moja ya blanketi, akazifunga pamoja. Akanionyesha. Akafungua. Akavuta nyuzi ingine, mingi, akazungusha ku haragi moja na ile mukono moja na meno — ilimukamata muda mrefu sana, sikumusaidia — na akaisukuma kwa ile ingine. Haikunasa. Nikaelewa. Utelezi kidogo inafunga protéine hii na hii, zinakuwa punje. Utelezi mingi, kila moja inavaa nguo yake, hakuna yenye inakamata ingine.

Nililala pembeni yake, nikalia kidogo, juu nilikuwa nafikiri ile muntu alishaondoka. Kumbe iko mule ndani yote.

Lakini bado ni nyepesi. Inashikamana, haitoe mayi, lakini inakimbia ku kijiko. Nilimuuliza: sasa? Alionyesha moto.

Ee. Najua. Maziwa ikichemshwa mbele ya kugandishwa, ile protéine ingine, yenye tunatupaka na mayi ya fromage, inajibandika juu ya ile ya kwanza, na yote inaganda nzito. Kila muntu wa laiterie anajua. Lakini hapa ku milima hii hakuna muntu anachemsha maziwa.


Jumanne, 14/10

Ngombe zetu zilikamatwa na watu wa bunduki mwaka uliopita, zote. Maziwa tunapewa na Twizeyimana, jirani, rafiki wa Papa Plamedi tangu utoto. Kila asubuhi, bure. Nichemshe maziwa ya muntu kama ule, bila kumwambia? Nilifunga mulango wa jikoni, nikachemsha.

Harufu ya maziwa ya kuchemka haifichike. Mama mukwe alifungua mulango, akasimama pale.

— Unataka kuua ngombe ya watu?

— Nataka mutoto wako anywe, Mama.

Alivaa kitenge ya kutembelea, akaenda. Mangaribi Twizeyimana alikuja, fimbo ku mabega, hakukaa.

— Mama Plamedi, mimi naleta maziwa juu ya bwana yako Nzabandora. Lakini haipite ku moto. Chuchu ya ngombe yangu Gaju itapasuka, itakuwa inatoa damu. Iko na ndama.

— Miaka yote ulileta maziwa ku laiterie. Tuliweka ku moto kila siku.

— Mulikuwa munapasha, mpaka kidole inavumilia. Kupasha haiko kuchemsha. Bwana yako mwenyewe njo aliniapia, mu nyumba hii, ati hatachemsha.

Ni kweli. Nilikuwa hapa, niliwaletea viti. Twizeyimana aligeukia kitanda, akangojea. Papa Plamedi alifunga macho.

— Kesho sitaleta, Twizeyimana alisema. Usinikasirikie.

Nilimukasirikia. Nimefunika sufuria na blanketi yangu juu baridi ya hapa haigandishe kitu bila kusaidiwa. Nitalala na koti.


Alhamisi, 16/10

Imeshika!

Nilikoroga na mayi ya maganda, mingi, bila woga. Niliinua kijiko, ikashuka polepole, moja, bila kukatika. Nikaiacha mupaka saa sita: hakuna mayi juu, hakuna mayi chini. Nikaweka mu kinywa yangu, nikaosha sahani tena, hata zenye zilikuwa safi. Nilipotema ilikuwa vilevile nzito. Mate haiwezi kitu kwake.

Nikamupa. Ulimi ikasukuma, ikashindwa, ikasukuma, na koo ikapanda. Ikashuka. Nikangojea kikohozi. Hakuna. Kijiko ingine. Hakuna. Alimaliza kikombe, akaigonga na kidole, anataka tena. Nilienda mu laiterie nikalia mbele ya mbao tupu.

Imebakia ya kesho na kidogo ya kesho kutwa. Nilirudi kwa Twizeyimana kumuomba. Bibi yake alinipa kiti na viazi. Yeye aliniambia ni pole sana, na aliongea habari ya mvua.


Jumamosi, 18/10

Nilitoka asubuhi kutafuta maziwa mbali, kwenye hawatuzoee, kwenye nitadanganya muzuri. Kila mulango ni moja: ngombe zimepelekwa, ao ziko lakini wenyewe wako njiani, wanakimbia. Nilipata marakuja tu.

Kurudi, nilisikia kikohozi tangu ku njia.

Mama mukwe alikuwa pembeni ya kitanda na inkongoro mu mikono, ile kikombe ya muti ya babu yao ya kunywea maziwa. Ilikuwa tupu. Maziwa aliipata kwa Twizeyimana, ya sasa hivi, na joto ya ngombe bado ndani. Alimupa yote.

— Maziwa yako ilikufa, Mama Plamedi, aliniambia. Ilipita ku moto, ikapita ku maganda. Muntu hawezi akapona na kitu yenye ilikufa.

Papa Plamedi angeweza kufunga kinywa. Kinywa anajua kuifunga, nikileta dawa anaifunga muzuri sana. Lakini ni mama yake njo alishika kikombe, na ni kikombe ya babu. Alikunywa. Alijua inaenda wapi, yeye mwenyewe njo alinielezea mara ingine zile njia mbili na vidole, na alikunywa.

Nilimutukana mama mukwe. Maneno yenye nilisema siandike. Alikaa chini ku udongo, na inkongoro ku magoti.

Kifua ya Papa Plamedi inatoa sauti mubaya.


Jumatatu, 20/10

Homa. Haishuke. Infirmier Théogène, muuguzi, alipanda na miguu kutoka poste de santé, zahanati yetu, viatu mu mukono juu ya matope. Alisikiliza mugongo, muda mrefu, upande wa kuume. Pneumonie, ugonjwa ya mapafu. Ile dawa yenye inafaa hana, alipiga yenye alikuwa nayo.

Akauliza alimeza nini.

— Ni mimi, mama mukwe alisema. Nilimupa maziwa.

Théogène alikaa naye ku kizingiti, akamwelezea na Kinyarwanda, polepole, bila kumugombeza. Mama mukwe alimusikiliza yote. Kisha akauliza: maziwa? Maziwa njo ilimuingia mu mapafu? Akauliza tena. Hawezi kuelewa kama ni maziwa. Kama ingekuwa sumu angeelewa. Mimi nilikuwa nyuma yao na hasira yote ikanitoka, na sikubakia na kitu pahali pake. Ni mubaya kuliko hasira.

Inje, Théogène aliniambia: bila kunywa, ile sindano ni kazi ya bure. Ile yako ya kushikamana, uko nayo?

Nilimwambia imeisha.


Jumanne, 21/10

Masasi ya bunduki tangu asubuhi, upande wa Mushaki. Watu wanapita ku njia na magodoro. Réseau ya simu imekatika, sijue Plamedi kule Goma anawaza nini juu ya baba yake.

Kubeba Papa Plamedi inaomba wanaume na muti ya kumulalisha. Wanaume wameenda mbele na ngombe. Nilimwambia mama mukwe aende na majirani, bado iko na miguu. Alisema: niende wapi. Akaendelea kuchagua maharagi.

Twizeyimana alipita na ngombe zake, anaelekea Kibabi. Gaju mbele, na ndama. Alisimama ku mulango wetu, akaweka chini bidon ndogo ya maziwa.

— Ni ya Gaju. Fanya vile unajua.

Nilimuuliza: hata moto?

Aliangalia muti, hakuangalia mimi. Alisema yeye na ngombe hawatakuwa hapa. Akapiga ngombe ya nyuma na fimbo, wakashuka. Sikumushukuru.

Niligeuka nikamate bidon, haikuwa pale. Mama mukwe njo alikuwa nayo. Alimwanga mu sufuria yeye mwenyewe, akaweka ku mafiga, akainama akapuliza moto. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, sala ao kuomba ngombe musamaha, sikuuliza. Maziwa ikapanda, ikavimba, na hakuiondoa.

— Inatosha? aliniuliza. Ao bado?

Tangu nilifika mu nyumba hii hajaniuliza kitu ya maziwa.

— Bado kidogo, Mama.

Alilia, na moshi, lakini haikuwa moshi.


Jumatano, 22/10

Iliganda muzuri. Tuliifunika na blanketi zote, yake na yangu. Marakuja zilitosha. Mama mukwe alikoroga, mimi nilimwanga, na niliona mukono yake inangojea ile wakati ya punje, na niliona uso yake wakati punje zinapotea. Aliosha inkongoro, akaniambia niweke mule. Niliweka mule.

Nzito. Haikatike. Hakuna mayi juu, hakuna mayi chini. Sijafanya muzuri kama hii hata mara moja, na Papa Plamedi wa zamani angesema ile neno yake moja ya kusifu, «Njo hivyo», na angeenda kuosha mikono.

Ku njia hakuna muntu tena. Masasi imenyamaza, na hiyo siipende. Théogène hakuja, sijue kama iko muzima.

Tulimuinua na mito. Joto yake inapita ku shati. Macho nusu. Nilimuita, akafungua kinywa kidogo, yeye mwenyewe, sikumulazimisha. Nikaweka kijiko.

Ulimi haisukume.

Mama mukwe anamupapasa koo, juu kwenda chini, vile wanafanyaka ndama yenye inakataa kunyonya. Anamuita na jina yake ya utoto, sikuijua hiyo jina. Mimi naandika hapa juu ya goti, nipate kitu ya kufanya na mikono, na naangalia koo.

Nimeangalia ndani ya kinywa na mwangaza ya simu. Iko palepale juu ya ulimi, nyeupe, nzima, haikukuwa mayi. Njo hivyo nilitafuta, kitu yenye inaweza kumungojea. Inamungojea. Mama mukwe anauliza kama aongeze kijiko ingine. Nimemwambia bado, Mama, ameze hii kwanza.